Kisiki cha Mpakani

Enzi wadudu walipokuwa na nchi zao, Mchwa na Nyigu waligombea kisiki kilichokuwa mpakani. Mwamuzi, Nungunungu, alisema watakipata waliouza karatasi na maboksi mengi zaidi kwa miaka kumi.

Nyigu aliweka mezani madaftari kumi. "Kila mwaka tumepanda. Na nyinyi, Bi Siwema?"

Siwema alikuwa waziri wa biashara wa Mchwa. Mauzo yao yalishuka kila mwaka, maana wapagazi walitafuna maboksi njiani. Madaftari nayo yalikuwa yameliwa na walinzi.

"Yetu yamehifadhiwa pahali salama," alijibu. Nyuma yake mlinzi akabeua. "Ila kwanza, mheshimiwa, wakaguzi wangu wayapitie ya mwenzetu."

Nungunungu aliona ni haki. Wakaguzi wakayapitia kwa bidii, kurasa zote, mpaka majalada.

"Ya Mchwa nayo hayajaletwa, basi hakuna mwenye ushahidi," Nungunungu alisema, akitazama meza tupu. "Gawaneni nusu kwa nusu."

Nyigu alikubali shingo upande, lakini akadai makubaliano yachongwe kwenye jiwe. Siwema alitia sahihi upesi, huku wakaguzi wake wakilitazama jiwe lile kwa huzuni.