Uzima Asilimia Themanini

"Nisamehe, mwanangu, nadhani nimeiharibu mwenyewe," alisema Bi Tunu, akimsogezea Mwanakombo, fundi aliyemuuzia, betri iliyoundwa kwa seli za pikipiki za umeme zilizochakaa. Ilikuwa imezimika, na mayai yake yote yakapoa ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga.

Mwanakombo alikitazama kibandiko cha betri. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: uzima asilimia themanini ya betri mpya. Kuipima sawasawa kulitaka kuichaji ijae, kisha kuimaliza chaji yote, kazi ya saa tano. Siku ya kuiuza alikisia tu, akabandika, akawahi nyumbani.

"Au nilichomeka vibaya?" aliuliza mama wa watu.

Uso ulimwaka Mwanakombo. "Hujakosea kitu, mama. Sikuipima. Niliandika tu."

Bi Tunu alifungua mkoba aliokuja nao. Alitoa yai moja kati ya yale yaliyopoa, akaliweka sikioni, akafumba macho.