Doti Nzima ya Bi Riziki

Tangu nguo zianze kuhifadhi kumbukumbu za wanaozivaa, anayetoa khanga hupoteza kumbukumbu zilizomo. Ndiyo maana watu hutoa kipande kimoja cha doti, wakabaki na cha pili, wasije wakasahau kabisa.

Zamda, mbunifu wa mitindo, alikuwa akitafuta vitambaa vya mkusanyo wake wa kwanza wa mavazi ya kiangazi, na watu wa kwao Tanga hawakumnyima. Wifi yake alimpa kipande cha harusi, jirani akampa cha idi. Lakini furushi alilotumiwa na mama yake, Bi Riziki, ndilo lililomtoa machozi: khanga za mbeleko alizomlea nazo yeye Zamda, vipande vyote viwili.

“Mama huyu hajui kutoa nusu!” alisema, akashukuru, akakata.

Gauni likapendeza ajabu. Msichana aliyelijaribu alianza kuyumbayumba, mkono mgongoni, akibembeleza: “Nyamaza, Zamda.” Zamda akacheka hadi akalia, kisha akapanda basi kwenda kwao.

“Mama, nimekuja kukushukuru. Mungu akupe umri!”

Bi Riziki alimsogezea kiti, akamtazama kwa upole.

“Amina, binti. Mama yako hajambo?”