Kaktasi ya Vipande Vitatu

Kinyozi alifunga duka mchana kweupe, akatia picha ya marehemu mama yake kwenye mfuko wa shati, akaenda kwa muuza miche kuulizia jina. Si la mama. Alitaka jina la kaktasi aliyoipakata mama pichani, iliyochanua ua jekundu lenye moyo wa zambarau.

Siku za mwisho za uhai wake, mama aliikata kaktasi ile vipande vitatu, akampa kila mwanawe kimoja. "Atakayeitunza ndiye aliyenipenda," alisema. Alikuwa mama wa maneno makali, hujui lini anatania.

Kinyozi alikipenda kipande chake kupita kiasi. Alikimwagilia maji asubuhi na jioni, mpaka shina likalainika, likaoza. Hata mwaka haukuisha.

Tangu hapo hakumkaribisha ndugu yeyote kwake. Kutwa aliongea na vichwa vya watu. Jioni alikula amesimama jikoni, hana hata wa kumwambia chumvi imezidi. Upweke ule ulimuuma. Lakini angewaitaje? Swali la kwanza lingekuwa kaktasi iko wapi.

Dada yake mkubwa alipiga simu mara chache.

"Kaktasi yako inaendeleaje?" aliuliza safari moja.

"Imechanua," kinyozi alidanganya. "Yako je?"

"Na yangu pia," dada alijibu upesi, kisha akasema maziwa yanafurika, akakata.

Mdogo wao wa kiume naye, kila kinyozi alipotaka kumtembelea, nyumba ilikuwa inapakwa rangi. Nyumba gani hiyo isiyokwisha kupakwa rangi? Kinyozi si mtoto. Alielewa kuwa wamemchoka.

Sasa mvi zilikuwa zimeanza kumtoka, na hofu ya kufa peke yake ilimzidi nguvu. Akilijua jina atanunua nyingine, aiweke dirishani, awaite ndugu zake waje wale pamoja.

Muuza miche, mwanamke wa makamo, aliitupia picha jicho mara moja tu.

"Hii ni chotara," alisema. "Mtu alichukua chavua ya ua moja kwa brashi, akaipaka kwenye ua la mmea mwingine, akapanda mbegu. Mama yako aliizalisha kwa mkono wake. Haina jina, na dukani huipati."

"Hata ya kufanana nayo?"

"Ya kufanana nitakupa. Ila ikichanua, aliyeijua ya mama yako hadanganyiki."

Kinyozi aliketi juu ya gunia la mbolea. Akajikuta anamsimulia yote, maji, uongo wa kwenye simu, mpaka rangi ya nyumba ya mdogo wake.

"Mficha uchi hazai, kaka yangu," muuza miche alisema. "Kaombe kipande kwa ndugu zako."

"Hawanitaki. Wakisikia nimeiua kaktasi ya mama, ndiyo basi tena."

Muuza miche alimrudishia picha, akavua miwani, akamtazama vizuri usoni.

"Wewe ni wa tatu kuja hapa na picha hii," alisema. "Alitangulia dada mmoja mtu mzima, akafuata kijana mrefu hivi. Nao niliwaambia hayo hayo, wakaombe kipande kwa ndugu zao."