Kitufe cha Pili

Baridi ilipoisha, Wendell alirudisha betri ya gari, akamwita binti yake gereji. Lile gari la kifahari la milango miwili, alilolitembeza marehemu mkewe maili laki tatu, lilikuwa linang'aa.

"Mzee, umelipamba kuliko ulivyompamba mama."

Binti aliketi kwenye usukani, akabonyeza kitufe cha pili cha kumbukumbu ya kiti, kile kilichokuwa kikisogeza kiti mpaka pale mama alipopapenda. Kiti kilitulia tuli.

"Baba, ulichomoa betri?"

"Theluji ikianza, nani hachomoi ili isife?"

"Basi kumbukumbu imefutika, kiti kimemsahau mama." Akashika usukani. "Usijali. Tutapima kiti kikae wapi kwa lile tundu alilotoboa kwa kisigino kwenye zulia, chini ya kanyagio."

Wendell alitazama chini. Zulia lilikuwa jipya, na bado lilinuka gundi.