Picha ya Bikira Maria

Wagiriki waliponyang'anywa maduka na serikali wakaondoka mji wa Likasi, walimwachia Symphorien, seremala Mkatoliki wa mtaa wa Panda, ufunguo wa kanisa lao. Mwaka uliofuata bibi mmoja wa Kigiriki alirudi kusali.

Ukutani, mahali pa picha ya Bikira Maria, palibaki msumari tu.

"Iko wapi, Symphorien?"

"Bamwizi, mama. Balivunja dirisha."

Bibi alipiga magoti, akaubusu ule ukuta mtupu, akainuka midomo ikiwa nyeupe kwa chokaa. Kisha akamshika mkono.

"Usihuzunike. Weye ulituchungia muzuri."

Symphorien hakuweza kuitazama ile midomo. Nyumbani, mke wake mgonjwa alikuwa amelala ameikumbatia picha hiyo kifuani.

"Mama," alisema, "mwizi ni miye."