Muhuri wa Karibuni

Askari aliweka pingu mezani, akainua kadi moja ya mwaliko. Wino wetu wa bitiruti, ambao ulikuwa haujakauka, ukampaka kidole gumba. Muhuri ulisema: KARIBUNI KURA.

"Kura gani, mzee? Hujui mikutano ya siasa imekatazwa?"

"Ni harusi, afande."

"Nani alichonga muhuri huu?"

Mke wangu, Nalwoga, alificha vidole vyekundu mgongoni. Alikuwa amelichonga neno kama anavyolitamka.

"Mimi," nikasema.

"Ulitaka kuandika 'kula'? Haya, litamke nisikie."

Miaka minne ya shule ya usiku nilihangaika kutenganisha l na r, hadi nikaweza. Mtaa wetu wote wa Lubaga unajua ninavyojivunia Kiswahili changu.

Nilizitazama pingu.

"Kura," nikasema. "Karibu kura, afande."