Kiti cha Siwatu

"Shule ni bure, Bi Mkasi," alisema mwalimu mkuu. "Ila kila mtoto aje na kiti chake."

Nyumbani kwa Bi Mkasi kiti kilikuwa kimoja tu: mbuzi ya kukunia nazi, kigoda cha mti kilicholainishwa na makalio ya mama yake, chenye ulimi wa chuma mbele. Ndiyo mbuzi iliyompa tui la vitumbua alivyouza. Mjukuu wake Siwatu alipokipeleka, alirudishwa. Chuma kingewakata wenzake. Bi Mkasi akachukua nyundo, akaung'oa ulimi.

"Sasa nazi utakunia nini, shoga?" jirani alimcheka. "Kucha?"

"Mtoto asome kwanza."

Siwatu akaenda na kigoda kichwani. Mchana akarudi nacho.

"Haya, mjukuu wangu, leo mmesoma nini?"

"Tumekaa, bibi."

"Mkakaa, halafu?"

"Basi. Darasa letu halina mwalimu. Mkuu anasema ataletwa."

Akakiweka kigoda uani, akakikalia, mikono magotini, uso ukutani, kama walivyokaa darasani. Bi Mkasi akasimama nyuma yake, nusu ya nazi mkono mmoja, ulimi wa chuma mkono wa pili.